Kilimia, Thurayya na Kiwingu cha As-Sufi: Amana ya Jicho katika Historia ya Waislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), Aliyeipamba mbingu ya karibu kwa nyota. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, makala hii imeletwa na swali. Mwanzoni mwa Novemba tulikuwa Kasekese, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, upande ambao wengi wetu kwa mazoea bado tunauita Mpanda. Tulikwenda kwa darsa za baina ya Maghrib na Isha. Mvua zilikuwa hazijaanza. Mashamba yalikwisha kusafishwa, na mazungumzo ya watu nje ya msikiti yalikuwa ni mbegu na bei ya mbolea. Siku ya pili, baada ya darsa, alisimama mzee mmoja mkulima akasema:

"Sheikh, sisi hapa tangu enzi za baba zetu tunakitazama Kilimia. Kikianza kuonekana mashariki baada ya Isha, tunajua wakati wa kutia mbegu ardhini umekaribia. Sasa kijana mmoja katika vijana wetu ametuambia huo ni ushirikina, na ametusomea hadithi. Mimi nina miaka zaidi ya sabini. Je, nimesali miaka yote hiyo nami ni mshirikina?"

Msikiti ulinyamaza. Tuliuliza ni hadithi gani aliyosomewa, na tulipoambiwa tukaijua mara moja. Ni hadithi sahihi, na aliyemfundisha kijana yule ni mtu aliyesoma kwetu miaka mingi iliyopita. Tulipoisomesha wakati ule tuliisoma matini yake tukaipita, bila ya kueleza maulamaa waliifahamu vipi. Kwa hiyo deni lilikuwa letu kabla ya kuwa la kijana. Tulimjibu mzee kwa ufupi ili aende kulala na moyo uliotulia, na tukaahidi kulieleza jambo hili kwa marefu. Ahadi hiyo ndiyo tunayoitimiza hapa.

KILIMIA NDIYO THURAYYA

Kilimia ni fundo la nyota, yaani nyota nyingi zilizozaliwa pamoja na zinazokwenda pamoja angani, zikionekana kwa jicho kama kichane kidogo chenye ukungu. Jina lake kwa Kiswahili limetoka katika kitenzi "kulima". Wala si sisi peke yetu tulioliita hivyo: ndugu zetu Wazulu na Waxhosa, huko kusini kabisa mwa Afrika, wanaliita isiLimela, kwa asili hiyo hiyo ya kulima. Wazee wa pwani wana methali isemayo kuwa Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Waarabu wanaliita Ath-Thurayya. Katika sarufi hili ni jina la udogo, asili yake ni neno lenye maana ya wingi, kama kwamba wamesema "kiwingi kidogo", kitu kidogo kwa umbo na kingi kwa idadi. Ni manzili ya tatu katika manzili 28 za mwezi. Waliliheshimu hata wakisema "An-Najm" peke yake, yaani "Nyota", mara nyingi wakikusudia Thurayya. Ndiyo maana Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas (r.a.), amepokewa akiifasiri aya ya mwanzo ya Suratun-Najm kuwa nyota iliyoapiwa hapo ni Thurayya inapotua.

Mabaharia nao wakalichukua. Ahmad bin Majid, nahodha mkubwa wa karne ya tisa ya Hijria, aliyetunga pia mashairi ya njia za bahari ya kwetu mpaka Sofala, na wenzake wa bahari ya Hindi waliigawa dira kwa pande 32 zilizopewa majina ya nyota zinapochomoza na zinapotua. Mmoja katika pande hizo ni wa Thurayya. Basi fundo hili moja la nyota limemtumikia mkulima wa bara na nahodha wa pwani.

THURAYYA KATIKA FIQHI

Hadithi aliyosomewa mzee wetu imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Zaid bin Khalid Al-Juhani (r.a.). Maana yake ni kuwa, baada ya usiku wa mvua huko Hudaybiya, Mtume (s.a.w.) aliwaeleza Masahaba kuwa wapo waliopambazukiwa wakimuamini Mwenyezi Mungu na wapo waliopambazukiwa wakimkufuru. Aliyeinasibisha mvua na fadhila za Mwenyezi Mungu ameamini, na aliyeinasibisha na nyota fulani ameiamini nyota. Pia Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) onyo kali kwa mwenye kuchota elimu ya nyota, kuwa amechota tawi la uchawi.

Mwenye kusimama hapa tu atamhukumu mzee wa Kasekese. Lakini mwanachuoni hasimami kwenye hadithi moja na kuziacha nyingine. Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, katika Sahihi Bukhari, mlango wa biashara, imepokewa kuwa Zaid bin Thabit (r.a.), mwandishi wa Wahyi, alikuwa hauzi matunda ya shamba lake mpaka Thurayya ichomoze, ikabainika manjano na nyekundu. Ibn Hajar ameeleza katika Fat-hul-Bari kuwa kuchomoza huko ni kule kwa alfajiri, mwanzoni mwa joto la Hijaz, wakati matunda yanapoanza kuiva. Tazama, ndugu msomaji: Sahaba mkubwa anaitumia Thurayya kama alama ya kuhalalisha mauzo, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kuiva kwake.

Pili, Imam Shafi katika Al-Umm amemtaja Sayyidna Umar (r.a.) akiwa juu ya mimbari akiuliza imebaki kiasi gani katika majira ya Thurayya, na Al-Abbas (r.a.) akamjibu. Imam Shafi akaeleza kuwa asemaye "tumepata mvua kwa nyota fulani" akikusudia wakati wake tu, kama mtu anavyosema tumepata mvua mwezi fulani, hilo si ukafiri, ingawa yeye anapenda zaidi kuyasema maneno mengine. Kinachokatazwa ni itikadi kwamba nyota ndiyo iliyonyesha.

Tatu, Ibn Rajab Al-Hanbali, aliyefariki mwaka 795 Hijria (1393 Miladia), ameigawa elimu ya nyota mafungu mawili. La kwanza ni elimu ya taathira, yaani kudai kuwa nyota zinaathiri riziki, mauti na bahati za watu. Hii ni batili na haramu. La pili ni elimu ya mwendo, yaani kujua zinachomoza wapi na lini, ili kujulikana kibla, njia na nyakati. Hii inaruhusiwa kwa kadiri ya haja kwa kauli ya wengi. Hatufichi kuwa ipo khitilafu: Qatada alichukia kujifunza manzili za mwezi, naye Imam Ahmad akaruhusu. Lakini hakuna katika maimamu hawa aliyemkufurisha mtu kwa kujua kuwa nyota fulani ikionekana msimu umefika.

Na hali ya Katavi inaafikiana na alama hii. Mvua za huko ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba mpaka Aprili. Kilimia huchomoza mashariki wakati wa magharibi katika Novemba, na mwishoni mwa Aprili huzama pamoja na jua. Mzee anayesema "Kilimia kimezuka, tutengeneze mashamba" anasoma saa ya Mwenyezi Mungu iliyotundikwa mbinguni, wala haiombi saa hiyo chakula.

AS-SUFI NA KIWINGU CHAKE

Huenda msomaji akauliza: kama kutazama nyota kwa haja kumeruhusiwa, kuna faida gani kutazama vile vitu hafifu, mafundo na vijiwingu ambavyo havimwongozi nahodha wala mkulima? Jibu lake tunalipata kwa mtu mmoja.

Abdurrahman bin Umar As-Sufi alizaliwa Rayy mwaka 291 Hijria (903 Miladia) na kufariki mwaka 376 (986). Alifanya kazi Isfahan na Shiraz chini ya mtawala Adhud-ud-Dawla wa Banu Buwayh. Karibu na mwaka 353 (964) aliandika Kitabu Suwaril-Kawakib, kitabu cha sura za nyota zilizotulia, chenye makundi 48 ya nyota, na kila kundi akalichora mara mbili: kama linavyoonekana mbinguni, na kama linavyochorwa juu ya tufe. Kabla yake watu walikuwa wakiinakili orodha ya Batlimusi, mwanachuoni wa Kiyunani wa Iskandaria, aliyeishi miaka mia nane nyuma. As-Sufi aliwalaumu waliozijua nyota kwa vitabu na tufe tu bila ya kuinua macho. Naye hakudai makubwa. Mahali pa nyota alipachukua kwa Batlimusi na kuongeza hesabu ya mwendo wa miaka iliyopita, lakini ukubwa wa mng'aro wa kila nyota aliupima upya kwa macho yake.

Katika kitabu hicho, alipofika kwenye kundi la Mwanamke Aliyefungwa Mnyororo, alitaja kitu kilichokaa kwenye mdomo wa Samaki mkubwa wa Waarabu. Hakukiita nyota, bali doa la kiwingu, kwa Kiarabu "latkha sahabiyya". Kitu hicho leo kinaitwa galaksi ya Andromeda, na maneno ya As-Sufi ndiyo maelezo ya kale kabisa yanayojulikana kuhusu kitu hicho.

Wapo waliomfuata katika njia hiyo. Abu Rayhan Al-Biruni (362–440 Hijria) ameieleza Njia ya Maziwa kuwa ni mkusanyiko wa vipande visivyohesabika vyenye tabia ya nyota za mawingu. Yeye naye hakuwa na darubini. Zipo pia riwaya za idadi ya nyota za Thurayya. Qadhi Iyadh katika Ash-Shifa ametaja kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiona nyota kumi na moja ndani yake, lakini ameitaja kwa tamko la "imesimuliwa", na wanafunzi wa Kiarabu wanajua kuwa tamko hilo ni la mtu asiyeubeba ushahidi huo shingoni mwake. Hata katika kumsifu Mtume, mwanachuoni alichunga mpaka wa anachokijua.

DARUBINI ILIYATHIBITISHA

Neno letu darubini limetoka kwa Waajemi: "dur" ni mbali, na "bin" ni kuona. Mwaka 1610 Galileo wa Italia alichapisha aliyoyaona kwa chombo hicho. Katika Thurayya, ambapo watu wengi huona nyota sita au saba, alichora 36. Kisha akakielekeza kwenye kiwingu kilichomo katika kundi la Kaa, mahali pa An-Nathra, manzili ya nane ya mwezi, akakuta si wingu bali ni nyota zaidi ya 40 zilizokaribiana. Mwaka 1612 Simon Marius wa Ujerumani akakitazama kile kiwingu cha Andromeda, na hakuona nyota ndani yake.

Ufaransa ilitoa wawili katika karne ya 18. Nicolas-Louis de Lacaille alikuja kusini mwa Afrika, rasi ya Cape, mwaka 1751 na 1752, akaorodhesha vijiwingu na mafundo 42 ya mbingu ya kusini, ambayo mengi yake watu wa Isfahan hawakuwa na njia ya kuyaona. Charles Messier naye, aliyekuwa akitafuta nyota zenye mkia, alitengeneza orodha ya vijiwingu vinavyoshabihiana nazo ili asidanganyike. Kiwingu cha As-Sufi humo ni namba 31, Kaa ni 44, na Kilimia chetu ni 45.

Mpaka mwaka 1923, wataalamu walikuwa bado wakikhitalifiana: je, kiwingu cha Andromeda kimo ndani ya mkusanyiko wetu wa nyota au nje? Mwaka huo Edwin Hubble wa Marekani, kwa darubini yenye kioo cha upana wa mita mbili na nusu, aliitambua ndani yake nyota inayobadilika mng'aro kwa mizani maalumu, na kwa nyota hiyo akapima masafa. Ikabainika kuwa ni mkusanyiko mwingine kabisa wa nyota. Kwa vipimo vya leo nuru yake husafiri takriban miaka milioni mbili na nusu kutufikia. Ama Kilimia, nuru yake husafiri takriban miaka 440. Tunayoiona usiku huu iliondoka huko mwishoni mwa karne ya kumi ya Hijria, kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593.

Kutoka As-Sufi mpaka Hubble ni zaidi ya miaka 950. Lau As-Sufi angekiacha kile kiwingu kwa kuwa Batlimusi hakukiorodhesha, angekuwa ameficha ushahidi. Lau angekiita nyota ili orodha ipendeze, angekuwa ameshuhudia uongo. Aliandika alichokiona na akakomea pale jicho lake lilipokomea, ndiyo maana ushahidi wake haujatenguliwa hata leo.

USIKU WA KASEKESE

Miongoni mwa waumini wa Kasekese alikuwapo mwalimu wa sekondari mwenye darubini ndogo ya miguu mitatu. Usiku wa mwisho wa ziara yetu hapakuwa na mwezi. Saa nne tulitoka uwanjani, mahali ambapo taa za umeme hazizidi nguvu za nyota. Kilimia kilikwisha kupanda mashariki. Mzee alisema anaona sita. Watoto wa madrasa wakasema saba, na mmoja akasema nane. Sisi kwa macho yetu ya uzeeni tuliona ukungu na nyota nne. Hakuna aliyesema uongo. Kisha mwalimu akaweka darubini, na kila aliyeinama aliacha kuhesabu.

Tukaigeuza upande wa kaskazini, kwenye doa la As-Sufi. Darubini ile haikuweza kulipasua. Lilikuwa kubwa zaidi, lakini lilibaki kiwingu. Tukawa sawasawa na yule mtu wa Isfahan: tunaona alichokiona, na neno letu ni lile lile lake. Mwalimu akatuambia kuwa tukirudi mwezi wa Juni atatuonyesha upande wa kusini fundo la Omega Centauri, ambalo kwa jicho huonekana kama nyota moja yenye ukungu, nalo lina nyota zinazokadiriwa kufika milioni kumi.

Kijana wetu aliyesoma hadithi alikuwapo pia. Alitazama kwa muda mrefu. Alipoinuka alimwendea mzee, akamshika mkono, akamwambia: "Babu, nisamehe, nilikusomea nusu." Mzee akacheka, akamjibu: "Kasome nusu iliyobaki, mjukuu wangu, kisha uje unisomee."

Hapa ndipo palipo na funzo, hasa kwa maimamu na wanafunzi. Katika Suratul-Israa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu amekataza kufuata tusilolijua, na ametukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Jicho ni amana. Kila mwaka tunakhitalifiana juu ya mwandamo wa mwezi, na Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, lilipitisha kuwa tegemeo ni kuonekana kwa mwezi, na kwamba hesabu na vituo vya kutazamia nyota vitumike kama msaada. Maana yake ni kwamba chombo hakifuti ushahidi wa jicho, bali kinaunyoosha. Lakini chombo hakimpi mtu uadilifu asiokuwa nao. Anayesema ameona asichokiona atasema uongo hata akiwa na kioo cha mita kumi.

Ama kijana aliyeshika hadithi moja na kumtisha nayo mzee, naye alisema zaidi ya alichokiona. Aliona matini, hakuona sherehe yake. Na sisi tuliomsomeshea mwalimu wake tulimwonyesha doa tukamwacha adhani ni mbingu nzima. Tunamuomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa hilo, na tunawaomba walimu wenzetu: mnapoisomesha hadithi ya Hudaybiya, msiinuke kabla ya kumtaja Zaid bin Thabit na matunda yake.

Kwa ufupi, jibu la swali la mzee wetu ni hili: kukitazama Kilimia kwa kujua msimu ni jambo lililoruhusiwa, na Masahaba wametumia mfano wake. Kukiamini kuwa kinaleta mvua ni shirki. Na kukitazama kwa darubini ili kuzingatia uumbaji ni katika kuitikia wito wa Suratul-Mulk, aya ya 3 na ya 4, ambapo Mwenyezi Mungu ametuamrisha kurudisha macho mbinguni, kisha kuyarudisha tena, na ametujulisha kuwa yatarejea yamechoka, bila ya kupata kasoro.

Mvua zikianza Kasekese, mzee aseme kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.), kuwa tumepata mvua kwa fadhila za Mwenyezi Mungu na rehema Zake. Kisha ashike jembe.

Wabillahi tawfiq, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.